Kiunganishi Mahakamani: Mahojiano ya Runinga na Mipaka ya Chuku

Katika uhakiki wa fasihi, mahojiano ya waandishi huchukuliwa kwa kawaida kuwa chanzo cha habari tu. Mtahakiki huyarejelea ili apate tarehe, jina la mtu aliyemwathiri mtunzi, au kauli ya mtunzi kuhusu dhamira yake, kisha huyaweka kando. Makala haya yanashikilia kwamba mahojiano ya runinga ni utanzu wenye kaida zake, na kwamba anayeyasoma bila kuzijali kaida hizo huishia kuyapa maneno uzito usio wao. Hoja hii inajadiliwa kwa kurejelea matukio matatu ya kipindi kimoja cha Marekani, The Dick Cavett Show, kati ya mwaka 1970 na 1980.

Kipindi cha mazungumzo cha usiku kilikuwa kimekwisha kukomaa nchini humo kabla ya Cavett. Shirika la NBC lilianzisha Tonight mwaka 1954 chini ya Steve Allen. Jack Paar alikiongoza kipindi hicho kuanzia 1957 hadi 1962, na baada yake Johnny Carson akakikalia kiti kwa miaka thelathini. Kaida zake zilifahamika: mgeni huja na kitu cha kutangaza, kiwe filamu, kitabu au kampeni, mwenyeji humtania, hadhira iliyomo studioni hucheka na kupiga makofi, na matangazo ya biashara hukatiza mazungumzo. Cavett, ambaye awali aliwaandikia Paar na Carson mizaha, alizirithi kaida hizi alipoanza kipindi chake katika shirika la ABC mwaka 1968. Alichobadilisha ni mchanganyiko wa wageni na muda waliopewa. Mwanamuziki, mwanasiasa na mwandishi waliweza kukalishwa jukwaa moja wakaachwa wazungumze. Kutoka 1977 hadi 1982 kipindi hicho kilitangazwa na PBS, mtandao wa vituo vya umma.

Tukio la kwanza ni la Desemba 1970. Waliokaa jukwaani ni Lester Maddox, gavana wa Georgia. Jim Brown, mchezaji mashuhuri wa zamani wa kandanda ya Kimarekani aliyekuwa amegeuka mwigizaji wa filamu. Na mwandishi Truman Capote. Maddox alikuwa amejipatia jina mwaka 1964 kwa kukataa kuwahudumia watu weusi katika mkahawa wake mjini Atlanta. Brown alimuuliza iwapo amewahi kupata matatizo na wabaguzi weupe kwa sababu ya mambo aliyowatendea watu weusi. Swali hilo, na namna Cavett alivyolirudia, lilimuudhi gavana, naye akadai aombwe radhi kwa niaba ya wafuasi wake. Cavett alijibu kwamba ikiwa amemwita mbaguzi mfuasi yeyote asiye mbaguzi, basi anaomba radhi. Kwa umbo, kauli hiyo ni ya kuomba radhi. Kwa maana, shutuma yote imebaki imefichwa ndani ya sharti. Maddox alilitambua hilo, akainuka na kuondoka. Capote, aliyebaki kitini, akaligeuza jambo hilo kuwa mzaha kuhusu chakula cha mkahawa wa gavana. Hapa inadhihirika kaida ya msingi ya utanzu huu: mzaha una nguvu kuliko hoja, na anayeondoka jukwaani humwachia mwenzake neno la mwisho.

Tukio la pili liliwakutanisha waandishi Norman Mailer na Gore Vidal mnamo Desemba 1971. Miezi michache kabla, Vidal alikuwa ameandika katika The New York Review of Books makala iliyomweka Mailer katika ukoo mmoja na mwandishi Henry Miller na muuaji Charles Manson. Mailer alimpiga Vidal kwa kichwa kabla hata hawajaingia jukwaani. Kipindi kilipoanza aligombana na Vidal, na mwenyeji, na hata hadhira. Alipomwambia Cavett asome maswali yake katika karatasi, Cavett alimweleza, kwa lugha isiyo ya sebuleni, mahali anapoweza kuitia karatasi hiyo. Mailer alitaka kujua kama jibu hilo lilibuniwa papo hapo au liliandaliwa zamani, na Cavett akalihusisha kwa kejeli na Tolstoy. Shaka ya Mailer ni ya mtahakiki wa fasihi simulizi: je, fanani anatunga papo kwa papo, au anatumia fomula aliyoihifadhi? Hata hivyo, aliyeugusa undani wa jambo ni mgeni wa tatu, Janet Flanner, aliyekuwa mwandishi wa siku nyingi wa The New Yorker mjini Paris. Aliwakemea wenzake kwamba wanatukanana hadharani kana kwamba wako faraghani. Ukinzani huo ndio moyo wa utanzu wenyewe. Viti, sauti ya chini na utani humfanya mhojiwa ajione yu barazani kwa rafiki, ilhali taifa zima linasikiliza.

Mary McCarthy aliingia katika mtego huo. Alirekodiwa mwaka 1979, alipokuwa ametoa riwaya yake Cannibals and Missionaries, na mahojiano yakatangazwa Januari 1980. Cavett alimuuliza ni waandishi gani wanaosifiwa kupita kiasi. McCarthy kwanza alisita, akisema hawaoni tena waandishi wa namna hiyo. Aliposukumwa zaidi akamtaja Lillian Hellman, akamwita mwandishi mbaya na asiye mkweli. Alipoulizwa kisicho cha kweli ni kipi, alikumbusha kwamba amewahi kusema katika mahojiano mengine kuwa kila neno aandikalo Hellman ni uongo, pamoja na kiunganishi "na" na kile kibainishi kidogo ambacho Kiingereza hutanguliza mbele ya nomino.

Kauli hii yahitaji kusomwa kwa makini. Kiunganishi hakidai lolote kuhusu ulimwengu. Hakiwezi kuwa kweli wala uongo. Kwa kukiingiza katika orodha ya uongo, McCarthy aliiwekea sentensi yake alama ya chuku. Isitoshe, alikuwa akijinukuu. Alitumia fomula iliyokwisha kujaribiwa, kama afanyavyo fanani anayejua kipande kipi hupendwa.

Hellman hakuisikia kama chuku. Februari 1980 aliwashtaki McCarthy, Cavett na kampuni ya utangazaji, akidai fidia ya dola milioni 2.25. Mnamo Mei 1984 jaji wa New York alikataa kuifuta kesi dhidi ya McCarthy, akiona kwamba kuliambia taifa zima kupitia runinga kuwa mtu ni mwongo kunaweza kuvuka mpaka wa maoni yanayolindwa na sheria. Hellman alifariki tarehe 30 Juni mwaka huo, na kesi haikuendelea. Hivyo mahakama haikupata kuamua ikiwa chuku ni uongo.

Ni vyema kuutendea haki upande wa Hellman. Mwaka 1952 alikataa kuwataja wenzake mbele ya kamati ya bunge iliyowasaka wakomunisti, na sifa ya ukweli ilikuwa ndiyo mtaji wa tawasifu zake. Katika malumbano ya kishairi aliyetupiwa ubeti hungojewa ajibu. Hellman hakuwamo studioni. Lakini pia ni kweli kwamba tuhuma ilikuwa na msingi ambao runinga haikuwa na njia ya kuuthibitisha. Kazi hiyo ilifanywa na maandishi. Mwaka 1981 Martha Gellhorn alichapisha katika The Paris Review makala ya kuhoji kumbukumbu za Hellman kuhusu vita vya Hispania. Mwaka 1983 Muriel Gardiner alichapisha tawasifu yake, na wasomaji wengi wakaona kwamba maisha yake yanafanana mno na ya "Julia", rafiki anayesimuliwa na Hellman katika Pentimento (1973), ingawa Gardiner alisema hakuwahi kukutana na Hellman, na Hellman akakana kwamba ndiye Julia.

Walter Ong, katika Orality and Literacy (1982), ameueleza usimulizi wa vyombo vya kielektroni kuwa ni usimulizi wa awamu ya pili, unaoegemea maandishi na chapa. Kesi ya McCarthy yaonyesha gharama ya kuegemea huko. Neno lilitamkwa kwa kaida za simulizi, likarekodiwa, likanakiliwa, kisha likahukumiwa kwa kaida za hati. Katika safari hiyo lilipoteza swali lililolizaa, kusita kwa msemaji, na ishara yake ya utani.

Mtahakiki hukabiliwa na hatari iyo hiyo kila anapokata sentensi moja ya mahojiano na kuipachika katika tasnifu kama ungamo la mtunzi. Kabla ya kuinukuu, hana budi kurejesha swali lililoitangulia, kutambua nani alikuwepo na nani alisemwa akiwa hayupo, na kuchunguza iwapo msemaji alikuwa akitoa ushahidi au akichezea hadhira. Jaji hakulazimika kuusoma mzaha wa McCarthy kama fasihi. Mtahakiki hana udhuru huo.