Kamera ya Vugiri na Nyumba ya Mbega

Mwaka 1935 kamera ya sinema ilipandishwa milima ya Usambara, ikawekwa Vugiri, katika nchi ya Korogwe ambamo Mpale nayo imo. Mradi huo ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za Carnegie ya Marekani, na waliousimamia huko mlimani ni Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi ulipokoma mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu 35. Maneno yake yalitiwa katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika ya Mashariki.

Nyingi katika filamu hizo zilikuwa mafunzo: kodi, safura, benki ya posta. Katika hii ya benki, afukiaye fedha zake huibiwa, na azipelekaye posta hubaki nazo. Hivyo Mwafrika aliingia katika picha akiwa mwanafunzi. Kosa lake ni kutojua. Akishajulishwa, hadithi imekwisha.

Lakini nchi hiyo ilikuwa na hadithi yake, tena imekwisha kuchapwa. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ilianza kutolewa na misheni ya Magila katika miaka ya 1890. Humo yumo Mbega wa Nguu, upande wa Handeni, aliyezaliwa kigego. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa hilo ndugu zake wakamnyima urithi, wakamwandama. Akakimbia na mbwa wake wa kuwinda nguruwe, mpaka akawa mtawala Vuga. Aliyekataliwa na nyumba yake akajenga nyumba ya kifalme.

Nyumba hiyo nayo ikaja kujila yenyewe. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, enzi ilimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa marehemu aliyekaa Mazinde penye njia ya misafara, hakuridhika. Alimfukuza mtoto wa nduguye, akamweka Vuga mwanawe mwenyewe. Katika ugomvi huo hapana ujinga wa kuponywa kwa somo. Kila mmoja ajua atendalo na amtendaye, na hapo ndipo penye uchungu.

Mwaka 1948, huko Ufaransa, mshairi Jean Cocteau aliigeuza filamu tamthilia yake ya 1938, Les Parents terribles. Mama ampenda mwanawe kupita kiasi. Kijana ataka kuoa msichana ambaye, bila yeye kujua, ni hawara wa babake. Shangazi ashika nyuzi zote. Mwisho mama anywa sumu. Karibu mambo yote hutendeka ndani ya nyumba mbili, na mtazamaji hapewi funzo lolote la kwenda nalo. Huachiwa watu wazima wenye mapenzi na husuda zao, awapime mwenyewe.

Heshima hiyo Mbega na Semboja hawakuipata kwa kamera ya Vugiri, ijapokuwa ilisimama katika milima yao. Waliipata kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi. Kitabu chake kilichapwa upya Nairobi mwaka 1962, na atakaye kujua jinsi nyumba ile ilivyopendana na kuhasimiana hana budi kukifungua.