Picha ya MRI ya titi: mashine inapochelewa, kivuli hutokea

Mwanamke wa Kiomboi mwenye uvimbe kwenye titi huanza kwa kupapaswa na mhudumu wa afya, kisha utrasaundi au mamografia. Uvimbe ukitiliwa shaka, huchukuliwa kinyama kikapimwe maabara. MRI huja baadaye, tena kwa wachache, na ni safari: Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ni miongoni mwa zenye mashine hiyo. Kwa nauli hiyo, picha inapaswa kusomeka.

MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Mashine ya tesla 1.5 husikiliza mwili kwenye megahezi 64 hivi, chini kidogo ya masafa ya FM. Ili ijue sauti imetoka sehemu gani ya titi, huwasha na kuzima koili za sumaku kwa kasi. Ndizo zinazogonga kelele ile. Lakini koili ikiamriwa iwake, huitika ikiwa imechelewa kwa sehemu chache za milioni ya sekunde.

Je, hicho kidogo kina madhara? Ndiyo. Katika picha za haraka, kama zinazoangalia jinsi maji yanavyotembea ndani ya uvimbe, mashine husoma mstari mmoja ikienda, unaofuata ikirudi. Fikiria plau ya ng'ombe: ukichelewa hatua moja kila unapoanza mstari, ya kwenda husogea upande huu, ya kurudi upande ule. Kwenye picha, titi hupata kivuli chake, kilichosogea nusu ya upana wa picha. Kikiangukia uvimbe mdogo, chaweza kuuficha.

Dawa yake ni mistari michache ya majaribio, ya kwenda na kurudi, inayosomwa mahali palepale. Isingekuwepo hitilafu, ingelingana. Tofauti yake huonyesha mashine imechelewa kiasi gani, na kompyuta huirudisha mistari yote mahali pake kabla ya kuchora picha.

Hesabu hiyo haiondoi mtikisiko wa mgonjwa. Utalala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili, kwa nusu saa au zaidi. Pumua taratibu, usijisogeze. Sema mapema kama una chuma mwilini, ugonjwa wa figo au mimba. Na ukiambiwa picha irudiwe, usikimbilie kudhani saratani imeonekana. Huenda ni kivuli tu. Uliza.