Nyasi za Gofu, Nyasi za Ng'ombe

Msimamizi wa uwanja wa gofu na mfugaji wa Kanyosha wote wawili huwahi nyasi kabla jua halijachomoza. Wanafanana hapo tu. Kwa mwenye kiwanja cha ukoka mbele ya nyumba hapa kusini mwa Bujumbura, nadhani mfugaji ndiye mwalimu mzuri zaidi.

Gofu ina mengi ya kufundisha. Entebbe, ambako mchezo huu ulianzia nchini Uganda mwaka 1901, iko kando ya ziwa kama sisi, na unyevu wa ziwani ndio unaowasumbua watunza nyasi. Nyasi zinazozunguka shimo hunyolewa hadi milimita 3 au 4. Jani fupi hivyo halijilishi vizuri, na mizizi nayo hufupika. Umande ukilala juu yake usiku kucha, kuvu huingia. Kwa hiyo asubuhi vibarua hupitisha fito ndefu za mwanzi au mpira wa maji kuangusha umande, kisha hukata, na mara kwa mara hutoboa ardhi na kutandaza mchanga ili maji yasituame. Mbolea nayo ina mizani yake: nitrojeni ikipungua hutokea madoa makavu yenye ukubwa wa sarafu, ikizidi wakati wa joto na unyevu, mabaka ya kahawia ya kuvu aina ya Rhizoctonia. Yote yakishindikana, hupulizwa dawa. Zamani ilikuwa ya zebaki. Zebaki, kwa ajili ya mchezo!

Huko Ghala, Muscat, wachezaji wa gofu walicheza miaka mingi juu ya mchanga mtupu kabla ya kuleta nyasi. Mchanga hauugui.

Mfugaji hana anasa ya dawa. Tangu sheria ya Oktoba 2018 ilipokataza mifugo kuzurura Burundi, ng'ombe hubaki zizini na majani hufuatwa kwa panga. Kupuliza sumu juu ya chakula cha mnyama ambaye maziwa yake yatanywewa na watoto hakufikiriki, kwa hiyo kinga yake huanzia kwenye pando. Magharibi mwa Kenya na Uganda, majani ya tembo wanayolishwa ng'ombe yamepata ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na mdudu mfyonzaji: majani hugeuka manjano, shina hudumaa, na hakuna tiba. Shina hung'olewa, na pando jipya hutoka kwenye shina lisilougua. Dhidi ya fugwe, ugonjwa wa kuvu wa majani hayo, watafiti wa Kenya walitoa aina zinazostahimili, Kakamega 1 na Kakamega 2.

Ugonjwa mwingi wa gofu huletwa na wembe wenyewe, kisha dawa hununuliwa kuuficha. Ukoka wa nyumbani hauhitaji wembe huo. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja, noa kisu, mwagilia alfajiri badala ya jioni, na panda vipande vilivyotoka mahali pasipo mabaka. Fedha ya dawa ya kuvu nunulia mbolea.