Mzee wa Tangini na Fungu Lake

Tangini ni kata mojawapo ya mji wa Kibaha, makao ya Mkoa wa Pwani. Na kusini ya Kibaha ndiyo Kisarawe. Katika nchi hizi za mchanga na mihogo, uzee haukuwekewa akiba sandukuni, bali ulipandwa shambani. Mtu aliotesha mikorosho na minazi angali na nguvu zake, ili siku miguu itakapomlemea, mti uendelee kumlisha. Mnazi mrefu hauna haraka; hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, lakini ukishaanza, aghalabu humzika aliyeupanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni ya mwambao, nayo haikuhitaji karani.

Serikali ya kwanza duniani kutunga sheria ya taifa zima ya malipo ya uzeeni ilikuwa ya Ujerumani, mwaka 1889, kwa wafanyakazi waliochangia na kufika umri wa miaka 70. Mwaka huohuo, askari waliotumwa na serikali hiyohiyo, wakiongozwa na Wissmann, walikuwa wakipigana na Abushiri kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, na Desemba wakamnyonga. Kabla ya karne kwisha, Wajerumani walikwisha kuwatoza watu wa pwani kodi ya kibanda. Kwao mzee alikuwa mwenye haki. Huku alikuwa mwenye nyumba ya kulipiwa. Historia ina dhihaka zake.

Baada ya Uhuru, jibu la swali la wazee lilitolewa kwa lugha ya ukoo. Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana kukaa bure katika jamii ya jadi alikuwa amekwisha kuifanyia kazi jamii hiyo ujanani mwake. Azimio la Arusha, mwaka 1967, nalo likawaweka wazee wasiojiweza pamoja na watoto na vilema katika kundi la wanaostahili kuishi bila ya kufanya kazi. Hoja ilikuwa njema, ila haikutengewa fungu la hazina. Mfuko wa akiba ulioundwa mwaka 1964, na ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF, ulikuwa wa wenye mishahara. Mkulima hakuwamo, na mjane wa mkulima ndiyo kabisa.

Halafu mti wenyewe ukaponzwa. Uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970 uliwaweka wengi mbali na mikorosho yao, bei anayolipwa mkulima ikashuka, magonjwa ya miti yakaongezeka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Katika miaka ya mwisho ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Nyuma ya tarakimu hizo walikuwapo watu waliozeeka wakiwa wamekwisha kutumia ujana wao kupanda kitu kisichowalipa tena. Vijana nao wakashika njia ya Dar es Salaam, mji uliokuwa karibu mno na Kibaha usiweze kuwazuia. Kisha ukimwi ukawageuza mabibi na mababu wengi kuwa wazazi kwa mara ya pili.

Ndipo Kibaha ikaingia katika historia hii kwa jina. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii ulioanzishwa mwaka 2000, ilichagua wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kufanyia majaribio ya kuzipa fedha kaya maskini. Vilichukuliwa vijiji 80: 40 vilipwe kwanza, na 40 vingoje ili tofauti ipimwe. Malipo yalianza Januari 2010, kila baada ya miezi miwili. Hesabu ilikuwa kiasi cha dola 6 za Marekani kwa mwezi kwa kila mtu wa miaka 60 na kuendelea, na dola 3 kwa mtoto. Masharti yaliandamana nayo: wajukuu wahudhurie masomo, wadogo wapelekwe kliniki, na mzee mwenyewe aende kupimwa angalau mara moja kwa mwaka.

Fedha hizo hazikuwa za uzee bali za umaskini, na umaskini ulihitaji ushahidi. Kamati ya wanakijiji iliorodhesha kaya, hali zao zikahakikiwa, kisha majina yakapelekwa mkutanoni kuidhinishwa. Waliotetea utaratibu huo walisema hazina ni ndogo, na kidogo kilichopo kiwafikie wahitaji hasa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mtu aliyekuwa na minazi, aliyezoea kugawa madafu kwa wapita njia, alitakiwa sasa majirani zake wakubaliane hadharani kwamba hana kitu. Na jirani aliyemzidi kuku wawili akarudi nyumbani mikono mitupu.

Tathmini iliyochapishwa baadaye ilionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikafuga mbuzi na kuku zaidi, na watoto wao wakawa na viatu. Kagera pia, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwalipa pensheni ndogo mabibi wanaolea yatima, na utafiti wake wa mwaka 2008 ukapewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pande mbili za nchi, na fedha za mzee zikaonekana miguuni mwa mjukuu!

Zanzibar ilishika njia nyingine. Aprili 2016 ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa fedha zake yenyewe: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, tajiri na maskini, bila ya kamati kuuliza ana kuku wangapi. Mwaka 2023 kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na mwaka 2010, mwaka uleule wa malipo ya kwanza ya Kibaha, serikali ilishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba pensheni ya wazee wote yawezekana. TASAF ikatanuliwa; kufikia mwaka 2015 ilikuwa na kaya zaidi ya milioni moja. Pensheni ya wote haikuja. Bibi wa miaka 75 wa Makunduchi huonyesha kitambulisho chake. Mwenzake wa Tangini, wa umri uleule, ilimbidi kwanza jina lake litajwe miongoni mwa maskini.