Bustani ya Jeevanjee na Mjukuu Wake

Kwetu Nengo, mjini Gisenyi, ikitajwa sadaka ya kudumu Waislamu wengi hufikiria msikiti au kisima. Mimi nimechagua bustani iliyoko Nairobi.

Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa Kibohora, alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alitajirika kwa kuleta vibarua na mahitaji ya ujenzi wa reli ya Uganda. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani katikati ya mji wapumzike. Ajabu ni kwamba alisimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria, naye ndiye aliyekuja kuupinga ubaguzi wa serikali ya Kiingereza dhidi ya Wahindi. Alifariki mwaka 1936.

Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kujenga humo maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani mpaka mpango ukaachwa. Naona kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya babu. Babu alitoa mali yake. Mjukuu alitetea mali ambayo tayari ilikuwa ya watu wote, asingerithi hata mti mmoja.

Mchana wafanyakazi hujilaza kwenye nyasi zile, wahubiri wakipaza sauti kando yao.