Ini kujaa mafuta: meko ya seli yanapoharibika

Wengi wetu hudhani ini hujaa mafuta kwa sababu ya pombe au vyakula vya kukaanga tu. Naona lafaa kuelezwa vizuri, kwani hata asiyeonja pombe hupatwa.

Ndani ya seli za ini mna meko madogo mengi yaitwayo mitokondria. Kazi yake ni kuchoma mafuta yatoe nguvu. Sukari na wanga vikizidi, ini huvigeuza kuwa mafuta. Meko yakilemewa hutoa moshi, yaani kemikali kali za oksijeni, zinazoharibu kuta zake na vinasaba vyake. Meko mabovu huchoma kidogo, mafuta hurundikana, na uharibifu huzidi. Baadaye ini huvimba na kufanya makovu.

Mafuta yakipita asilimia 5 ya ini, huo ni ugonjwa, na mara nyingi hauumi. Mwenye kisukari au kitambi asingoje maumivu. Amuulize daktari kuhusu vipimo.

Habari njema ni kwamba mnene akipunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, ini huweza kupata nafuu. Tutembee kwa miguu, tupunguze soda na sukari ya chai, na mahamri yasiwe ya kila asubuhi.