Mlinzi na Tarumbeta Yake



Huko Kolombia, Amerika ya Kusini, uko mlima wa moto uitwao Nevado del Ruiz, wenye kimo cha zaidi ya meta 5,300, na kilele chake kimefunikwa na barafu. Bondeni palikuwa na mji wa Armero, wenye watu wapata 29,000 na mashamba mazuri ya pamba. Mwaka 1845 tope lilishuka kutoka mlima huo likaua watu wapata 1,000. Baadaye Armero ulijengwa juu ya tope lile lile lililokauka.

Mwezi wa Novemba 1984 mlima ulianza kutetemeka. Septemba 1985 ukatoa mvuke na majivu. Wataalamu wakapima mitetemeko, na mwezi wa Oktoba wakatoa ramani ya hatari. Armero ulikuwamo. Lakini wengine walisema kwamba watu wanatiwa hofu bure.

Alasiri ya Novemba 13 majivu yalianza kuanguka mjini. Watu wakaambiwa watulie nyumbani. Saa tatu usiku mlima ukalipuka. Mlipuko haukuwa mkubwa. Uliyeyusha kama sehemu moja tu katika kumi ya barafu. Lakini maji yale yaliteremka mitoni yakizoa udongo na mawe, yakafika Armero baada ya saa mbili na nusu. Vilima havikuwa mbali. Watu zaidi ya 20,000 walikufa, ambao mwendo mfupi wa miguu ungaliwaokoa.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anatufundisha habari za mlinzi ambaye hana budi kupiga tarumbeta aonapo hatari. Kule Armero mlinzi aliona, lakini tarumbeta haikuwafikia watu.

Wakolombia walijifunza kwa machozi. Aprili 2007, mlima mwingine wa barafu, Nevado del Huila, ulipolipuka, watu wa bonde la mto Páez walionywa wakapanda mahali pa juu. Tope lilibomoa madaraja, lakini watu walikuwa salama.

Ndugu zangu, kumwambia mtu "tulia" wakati imempasa kukimbia si upendo. Je, wewe mzazi, mzee wa kanisa, mchungaji mwenzangu, ni nani unayemnyamazia leo?

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona, kinywa cha kuonya, na miguu myepesi ya kutii. Amina.